Bunduki Ipi kwa Mnyama Yupi

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Julai, majira ya kuwinda yanapofunguliwa kwa sheria katika Tanzania, watu wenye hati za kuwinda huuliza swali moja: Je, bunduki ya namna gani yatosha kumpiga pofu? Na ile aliyoiacha baba, yafaa kwa nyati? Maswali haya tumeyasikia hata hapa Hamugembe, katika mji wa Bukoba, mahali ambapo hapana nyati wala pofu, ila migomba na nyumba zilizokaribiana. Lakini watu wa hapa wana jamaa zao Biharamulo, Karagwe na Ngara, na huko mambo ya pori si hadithi. Basi twaona vema kulijibu swali hili kwa urefu, maana kosa la kuchagua bunduki halilipwi na yule aliyekosa peke yake. Mnyama aliyejeruhiwa kwa risasi ndogo hukimbia; pengine hufia kichakani na nyama ikaoza bila faida kwa mtu yeyote, na pengine hubaki hai na uchungu wake, akamngoja mtu mwingine asiyejua habari, mwanamke aendaye kuteka maji au mtoto aendaye shuleni.

Kwanza twapenda kuondoa kosa moja ambalo walimu wamekwisha kuliona vitabuni. Vitabu vya kuwinda vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husema sana habari za mnyama ambaye katika Biblia ya Kiswahili huitwa ayala, na wafasiri wengine humwita kulungu. Mnyama huyo hayuko katika nchi zetu. Pembe zake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Lakini wanyama wetu wa jamii ya swala wana pembe zisizoanguka maisha yao yote. Yeye anayeitwa kulungu au pongo katika misitu yetu ni mnyama mwingine kabisa, wa kilo 40 mpaka 80 hivi. Basi msomaji akiona katika kitabu cha kigeni kwamba bunduki fulani yatosha kwa "kulungu," asidhani kwamba yatosha kwa kila mwenye pembe aliyeko Burigi. Pofu dume huweza kufika kilo 900, na nyati dume kilo 700 na zaidi.

Sasa tueleze maana ya hesabu zinazoandikwa juu ya bunduki, kwa kuwa wengi huzitaja bila kujua asili yake. Zamani, wakati wa magobori, risasi ilikuwa tonge la mviringo, na kipimo cha mtutu kilihesabiwa kwa uzito. Mafundi walichukua ratili moja ya madini ya risasi, wakaigawanya matonge sawasawa. Ikiwa matonge 12 yaenea katika ratili moja, bunduki ambayo mtutu wake wapokea tonge moja la namna hiyo huitwa ya 12. Ndiyo sababu bunduki ya marisau ya namba 12 ina mtutu mpana kuliko ile ya namba 20: hesabu ikizidi, tundu hupungua. Watu wengi hudhani kinyume chake. Na bunduki ya namba 4 ilitupa tonge lenye uzito wa robo ratili, yaani wakia 4 nzima.

Baadaye mafundi walijua kuchonga mifuo ndani ya mtutu, inayozunguka kama mifuo ya parafujo. Risasi ipitapo humo huzungushwa, na kwa kuzunguka hushika njia yake angani bila kuyumba, kama pia ya mtoto isivyoanguka wakati ikizunguka. Tangu hapo risasi iliweza kuwa ndefu badala ya mviringo, na kipimo kikawa upana wa tundu. Waingereza na Wamarekani huhesabu kwa sehemu za inchi: .375 maana yake ni sehemu 375 za inchi iliyogawanywa mara elfu. Wajerumani huhesabu kwa milimita, kisha huongeza urefu wa ganda, 9.3 x 62 ni risasi yenye upana wa milimita 9.3 katika ganda la urefu wa milimita 62. Risasi hiyo ilitengenezwa na fundi mmoja wa Berlin, jina lake Otto Bock, mwaka 1905, hasa kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Afrika waliotaka bunduki moja ya bei nafuu kwa kila mnyama.

Lakini tahadhari: majina haya hayasemi kweli sikuzote. Ile iitwayo .404 ya Jeffery, upana wa risasi yake ni .423. Ile iitwayo .275 ya Rigby ni milimita 7 sawa na ya Wajerumani ya 7 x 57. Na .30-06 ya Wamarekani, hizo 06 si kipimo cha kitu chochote, ila ni mwaka 1906 jeshi lao lilipoipokea. Kwa hiyo mtu asinunue risasi kwa kukisia jina, wala asitie katika bunduki risasi yoyote ila ile ambayo jina lake lote, si nusu yake, limechorwa juu ya mtutu.

Katika habari za ukubwa wa tundu, hakuna mfano mzuri kuliko wa mtu mmoja aliyepata kukanyaga pwani ya Bukoba. Mwezi Juni mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yalivuka Ziwa kutoka Kisumu kwa meli, yakapigana hapa Bukoba tarehe 22 na 23, wakavunja mlingoti wa simu ya upepo ya Wajerumani. Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja wa miaka 63, Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyesifiwa kuliko wote wa zamani zile. Huyo ndiye aliyeuawa vitani Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, na pori kubwa la kusini lilikuwa na jina lake tangu mwaka 1922 mpaka 2019, sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Selous alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, kijana wa miaka 19, bila fedha nyingi. Akanunua magobori mawili ya bei rahisi ya namba 4, yaliyotengenezwa kwa kupigia mabata. Baruti aliitia kwa kiganja kutoka mfuko wa ngozi, na juu yake tonge la wakia 4. Aliua tembo wengi kwa silaha hizo, naye alikiri kwamba zilikuwa na nguvu ya kutosha. Lakini zilimpiga vibaya begani. Siku moja gobori lilikataa kulia. Mchukuzi wake akalishindilia tena juu ya baruti iliyokuwamo, na Selous hakujua. Lilipolia lilimwinua kutoka ardhini likamtupa kifudifudi, na lenyewe likaruka nyuma yake. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba magobori yale yalimharibia moyo wa kulenga, akazoea kushtuka kabla ya kufyatua, na tabia hiyo haikumtoka. Alipopata uwezo aliyaacha, akachagua bunduki yenye mifuo ya fundi Gibbs, .461, yenye risasi ndogo sana kuliko tonge lile, na kwa hiyo akawinda tembo, nyati na simba kwa miaka mingi.

Twamtaja kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba bunduki iliyo kubwa zaidi ndiyo iliyo bora sikuzote. Mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho na kuvuta kwa nguvu, na risasi huenda tumboni badala ya kifuani. Risasi kubwa iliyopiga tumbo haifai kitu. Risasi ya kadiri iliyopita moyoni humaliza kazi. Basi kipimo cha kwanza cha bunduki ni bega la mwenyewe. Mtu apige shabaha mara 20 katika uwanja ulioruhusiwa, na kama zile 5 za mwisho zimekwenda mbali kuliko 5 za kwanza, bunduki ile yamshinda, na heri atafute iliyo ndogo au iliyo nzito zaidi kwa mwili wake, maana bunduki nzito hurudi nyuma polepole kuliko iliyo nyepesi yenye risasi ile ile.

Katika vita ile ile ya mwaka 1914 mpaka 1918 palionekana tofauti ya baruti ya zamani na ya sasa. Askari wengi wa Wajerumani katika nchi hii walianza vita na bunduki ya Mauser ya mfano wa 1871, ya milimita 11, yenye kutumia baruti nyeusi. Kila ilipolia ilitoa wingu la moshi mweupe, na adui akajua pale pale alipo mpigaji. Waingereza walikuwa na .303 ya baruti isiyo na moshi. Baruti hii mpya, iliyoenea tangu miaka ya 1880, haikuondoa moshi tu. Iliipa risasi mwendo ambao baruti nyeusi haikuweza kabisa, na hivyo tundu la mtutu likapungua karibu nusu bila hasara ya nguvu.

Kwa kuwa nguvu ya risasi hutoka katika mambo mawili, uzito na mwendo. Uzito ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara mbili. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Walimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Risasi ndogo kabisa ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi, na mwendo wa mita 330 katika nukta moja ya saa. Hiyo ni ya kware na sungura, na kumpigia swala ni ukatili. Risasi ya .303 ya jeshi ilikuwa na gramu 11.3 na mwendo wa mita 744. Ile ya .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, ina gramu 19.4 na mwendo wa mita 770 hivi. Na .458 ya Winchester, ya mwaka 1956, ina gramu 32.4 na mwendo wa mita 640 au kidogo chini yake. Ukifanya hesabu utaona kwamba .375 yashinda .303 karibu mara mbili, ingawa kwa macho tofauti ya matundu yake ni ndogo.

Hata hivyo nguvu peke yake haitoshi. Wazee waliowinda kwa mkuki walijua kwamba mkuki mwembamba mrefu huingia ndani kuliko rungu, ijapokuwa mikono iliyorusha ni ile ile. Risasi ni vivyo hivyo. Iliyo ndefu na nzito kwa upana wake hupenya misuli na mifupa; iliyo fupi na nyepesi, hata ikienda mbio sana, hupasuka juu juu ikafanya jeraha pana lisilofika popote. Hii ndiyo sababu bunduki nyingine zisifiwazo kwa mwendo hazifai kwa mnyama mnene.

Tena kuna namna mbili za risasi, na hapa ndipo watu wengi hukosea kuliko katika tundu lenyewe. Ya kwanza ni ya ncha laini: koti lake ni la shaba, na mbele madini ya risasi yameachwa wazi. Ikiingia mwilini hufunguka kama uyoga, ikapanua njia yake, na mnyama wa kadiri huanguka upesi. Ya pili ni ngumu, imefunikwa yote, haifunguki, bali hupita moja kwa moja. Ngumu ni ya tembo na kiboko, wenye mifupa minene ya kichwa. Ukimpiga swala kwa risasi ngumu yaweza kupita upande wa pili ikaacha tundu dogo, naye akakimbia maili kadhaa. Na pengine risasi hiyo hiyo ikampata mwenzake aliye nyuma yake. Ukimpiga tembo kichwani kwa risasi laini, yaweza kufunguka kabla ya kufika katika ubongo. Mwenye hati ya wanyama wa namna mbili achukue risasi za namna mbili, wala asizichanganye katika mfuko mmoja.

Sasa tuje kwa wanyama wenyewe. Kwa wadogo, kama nsya wa kilo 15 hivi, na taya, bunduki ya marisau yenye chembe kubwa yatosha katika vichaka, mradi mpigaji yu karibu, hatua 30 au pungufu. Kwa tohe, pongo, swala pala na ngiri, bunduki yoyote ya mifuo ya milimita 6 mpaka 8, yenye ncha laini, hufaa: .243, .270, 7 x 57, .308, .30-06, na ile .303 ya zamani. Hapa hatuoni sababu ya watu kugombana. Anayeijua .303 ya babake na apatae risasi zake hana haja ya kuuza ng'ombe anunue nyingine.

Nzohe twapenda kumtaja peke yake, kwa kuwa ni mnyama wa kwetu hasa. Huishi katika mafunjo na vinamasi, na kwato zake ni ndefu sana, zenye kupanuka ili asizame. Wazungu wa elimu ya wanyama walimpa jina la John Hanning Speke, aliyemwona Karagwe alipokuwa mgeni wa Mkama Rumanyika, aliyemfikia mwezi Novemba mwaka 1861. Speke aliwinda vifaru pia katika nchi ile. Hao hawako tena Karagwe. Nzohe si mkubwa, dume hufika kilo 100 na kidogo zaidi, lakini akipigwa vibaya huzama majini akaacha pua tu juu, na hakuna atakayempata. Kwa hiyo kwake yeye tundu la bunduki si neno, ila kulenga kwa utulivu, na kukataa kupiga kama mwili wote hauonekani.

Nyamera na kuro wataka kidogo zaidi. Bunduki za milimita 7 na 8 huwatosha, lakini kwa risasi nzito, gramu 11 na zaidi. Kuro ana misuli migumu, na tumeona jinsi wawindaji wanavyomdharau kwa sababu ya uzuri wake. Kwa korongo, na zaidi kwa pofu, twapendelea 9.3 au .375. Pofu hana hasira, wala hamrudii mtu. Ila kwa wingi wa mwili wake risasi ndogo hupotea ndani, naye hutembea siku nzima akiwa na mauti yake. Pa kulenga ni pale pale kwa wote: mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu mpaka theluthi moja ya kifua kutoka chini, hapo ndipo moyo ulipo, na mapafu juu yake kidogo. Wawindaji Waislamu hupenda kumwahi mnyama angali hai ili wamchinje, na kwao hasa mnyama anayekimbia mbali ni hasara mara mbili.

Nyati ni habari nyingine. Kawaida iliyoshikwa katika Tanzania, na katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu kuwinda, ni kwamba bunduki ndogo kabisa kwa wanyama wakali ni .375. Si kwamba .303 haijapata kumwua nyati, imewaua wengi. Lakini mambo huhesabiwa kwa siku mbaya, si kwa siku njema. Nyati aliyesimama ubavu, ametulia, hatua 60, huweza kufa kwa risasi ndogo iliyowekwa vema. Nyati yule yule akiwa amejeruhiwa, anakuja mbio, kichwa juu na pua mbele, ana mfupa mpana wa pembe juu ya paji la uso, na kifua kilichojaa misuli, na mpigaji ana nafasi ya risasi moja au mbili tu. Hapo ndipo gramu 19 au 32 zinapotofautiana na gramu 11.

Tena nyati aliyejeruhiwa ana desturi ambayo wawindaji wote huieleza. Hukimbia mpaka kwenye vichaka vizito, kisha hugeuka akasimama kimya kando ya njia yake mwenyewe, akimngoja anayemfuata. Kwa sababu hiyo mwindaji mwenye akili akisha kupiga hakimbilii. Hutia risasi nyingine mara moja, hukaa nusu saa akisikiliza, kisha huenda kuangalia damu. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Aliyempiga hana ruhusa ya kurudi nyumbani akasema, "Amepotea." Yampasa amfuate, na kama jua limekuchwa, yampasa awapashe habari askari wa wanyamapori na mkubwa wa kijiji kilicho karibu usiku ule ule, ili watu wasipite njia ile alfajiri. Hili twalitia mkazo kwa wakubwa wa vijiji: mtu akija kuleta habari hiyo msimkemee mbele za watu, maana mkimwaibisha, wa pili atanyamaza.

Juu ya tembo na kiboko hatutasema mengi, kwa kuwa si kazi ya msomaji wa kawaida. Idara za wanyama za Kenya na Tanganyika ziliwapa watu wao .404 kwa miaka mingi ili kufukuza tembo mashambani, na baadaye .458 ikachukua nafasi yake. Lakini kuna hadithi moja ya kweli ambayo wabishi huileta kila mara, nayo ni ya Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, katika Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Huyo aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Basi husema, "Kama 7 yatosha tembo, kwa nini nisitumie 7 kwa nyati?" Tunawajibu hivi. Bell alikata kichwa cha tembo kwa msumeno apate kujua hasa ubongo ulipo kutoka kila upande. Alitumia risasi ngumu peke yake. Alikuwa na macho na mikono ya ajabu. Na tembo wa siku zile walisimama katika nyasi fupi wala hawakuwa wamezoea mlio wa bunduki. Aliye na mambo hayo manne na aje tuongee.

Kuna silaha nyingine ambayo haina budi kutajwa katika mkoa huu. Jeshi la Idi Amin liliingia Kagera mwezi Oktoba 1978, na vita iliyofuata ikaisha mwaka 1979. Vita, hapa na katika nchi jirani miaka ya baadaye, huacha bunduki mikononi mwa watu wasiostahili. Bunduki ya vita ya Kirusi, ile ya 7.62 x 39, hutupa risasi ya gramu 8 yenye koti gumu. Kwa swala hupita bila kufunguka; kwa nyati haifiki mahali pa maana. Watu wasio na hati huitumia kwa kumimina risasi nyingi wakitumaini moja itapata. Matokeo yake ni wanyama wenye vidonda vilivyooza, nao ndio wanaogeuka kuwa wakali bila sababu inayoonekana. Hata pasipo neno la sheria, silaha hiyo haifai kwa kazi hii. Na sheria nayo yaikataza.

Na kwa habari ya sheria, wengi bado hutaja mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi kama mahali pa kuwinda, jinsi yalivyokuwa zamani. Tangu mwaka 2019 mapori hayo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na yale ya Ibanda na Rumanyika yamekuwa hifadhi za taifa pia. Katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa namna yoyote, wala kwa hati wala kwa kibali. Anayetaka kuwinda kwa haki aulize kwanza eneo gani limefunguliwa na mnyama gani ameruhusiwa, kisha ndipo afikiri habari za bunduki. Hati ya kumiliki bunduki hutoka kwa polisi, na hati ya kuwinda hutoka kwa watu wa wanyamapori. Moja haitoshi badala ya nyingine.

Twarudi kwa Speke, maana mwisho wake una funzo la kazi kwa mwenye bunduki. Mtu huyu alipita kutoka Unguja mpaka Karagwe na Buganda, katikati ya maradhi na vita, akiwa na silaha mkononi kila siku, asidhurike. Tarehe 15 Septemba 1864, kwao Uingereza, alikwenda kupiga ndege pamoja na jamaa yake. Akapanda ukuta mfupi wa mawe, akiwa na bunduki ya marisau iliyojaa. Ikalia ikampiga kifuani, akafa muda mfupi baadaye. Basi kabla ya kuruka mfereji, kupanda boma au kuingia mtumbwini, fungua bunduki utoe risasi. Tena risasi ya .22, ambayo watu huiona kama mchezo, huweza kwenda karibu maili moja, na ile ya .30-06 zaidi ya maili mbili. Katika nchi yetu ya vilima, ambako kila rweya mwisho wake ni kibanja cha mtu, usipige kamwe mnyama aliyesimama juu ya kilima na anga nyuma yake. Migomba haizuii risasi. Ni maji matupu.

Neno moja limebaki, nalo ni la wenye bunduki za marisau za namba mbili nyumbani. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa haraka katika bunduki ya namba 12 haikai mahali pake, bali huteleza ndani ya mtutu ikakwama mbele kidogo. Mwenyewe hutazama, haoni kitu, hudhani amesahau kutia. Hutia ya namba 12 nyuma yake, hufyatua, na mtutu hupasuka mahali pale pale mkono wa kushoto uliposhika. Kwa sababu hiyo mafundi siku hizi hutengeneza risasi za namba 20 zenye ganda la rangi ya manjano. Zitengeni katika makasha mawili yasiyofanana, na kasha la manjano lisitoke nyumbani siku ile mnapobeba namba 12.